Maji Yaliyobaki Mgongoni mwa Fundi Viraka

Wasikilizaji wapendwa, leo naomba mnisikilize mkiwa mmekaa. Kama una kitu jikoni, kiepue kwanza.

Tunamkumbuka fundi mmoja tuliyemwita Viraka. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Amefariki Alhamisi iliyopita, njiani, kwa kiu na joto. Na mgongoni alikuwa na maji. Narudia, maana watu wamenipigia simu wakidhani nimekosea kusoma. Viraka amekufa kwa kiu, na mgongoni alikuwa na zaidi ya lita moja ya maji safi.

Mifuko saba kama ule wake bado iko migongoni mwa watu. Saba. Ndiyo maana sikungoja machozi ya familia yakauke. Mama yake mwenyewe ameniambia, "Sema leo. Mimi kulia nitalia tu, hata kesho."

Viraka alianza kwa kuziba makoti ya mvua, mahema na mipira ya watoto. Jina likatoka hapo. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya mshona viatu. Ndani mna meza ndefu, pasi ya kuunganishia plastiki, na mirija imening'inia ukutani kama mikia. Shule yangu ni ya msingi, kwa hiyo kazi yake nitaieleza kwa maneno ya jikoni. Alibuni mifuko laini ya maji, ile inayokaa ndani ya begi la mgongoni. Mrija unatoka chini ya mfuko, unapita begani, unafika karibu na mdomo. Mwisho wake pana chuchu ya mpira. Unaing'ata, unavuta, unakunywa huku unatembea, mikono iko huru. Wapima ardhi, wapeleka barua wa baiskeli, walinzi wa msitu, wote walimfuata yeye.

Kila mfuko aliujaribu mwenyewe. Anaujaza pomoni, anaulaza chini ya ubao, kisha anaukalia. Anakaa hapo na kikombe cha chai. Mkewe, ambaye ndiye aliyeshona mabegi, hakumwacha apumue.

"Leo umeatamia tena, baba? Vifaranga lini?"

"Nyamaza, mama, utaniharibia mayai."

Neno likabaki. Mfuko uliopita jaribio ukaitwa umeatamiwa. Mteja akiuliza kama ni imara, anajibiwa, "Huo umeatamiwa, wewe nenda tu." Na ni kweli, wasikilizaji wapendwa. Hakuna mfuko wa Viraka uliowahi kupasuka. Hata mmoja.

Lakini mfuko unaatamiwa ukiwa umejaa. Shikeni hapo. Ukiwa umejaa. Hakuna aliyewahi kuujaribu ukiwa umebaki nusu.

Zamani ndani ya kila mfuko aliweka ubavu. Hivyo ndivyo alivyouita. Ni ukanda wa plastiki wenye matuta, unaozuia kuta mbili za mfuko zisigandane maji yanapopungua. Tatizo la ubavu ni usafi. Uchafu unajificha kwenye matuta. Dada yake mkubwa ni muuguzi, na mdomo wake hauna kona. Alinusa mfuko mmoja akamwambia, "Viraka, hiki kidubwasha humu ndani cha nini? Kinanuka soksi. Kitoe."

Viraka akakitoa. Akabuni mfuko mpya, mwembamba, mwepesi, unaooshwa kama sahani. Akaubana ndani ya begi kwa mfuniko wa kushonwa, maji yasichezecheze. Hilo ndilo lililomfurahisha kuliko yote. Mifuko ya wengine inapiga kelele mgongoni kama mtoto mwenye tumbo la maji. Wa kwake ulikuwa kimya. Ukijaa, kimya. Ukibaki nusu, kimya. Akatengeneza ishirini. Kumi na tisa ikaondoka na wateja, mmoja akauweka kwake.

Alhamisi asubuhi akasema anakwenda kuutembeza siku nzima, peke yake, kule kwenye vilima visivyo na mti. Mama yake alikuwa mlangoni.

"Chukua na chupa, mwanangu."

"Nibebe maji mgongoni na mkononi, mama? Mimi mtungi?"

Mama akacheka. Ananiambia sasa, "Nilicheka. Ningemfungia mlango, mimi nikacheka. Lakini mtoto wa miaka thelathini na minne unamshurutishaje?"

Alipatikana Ijumaa na watu waliokuwa wakipima barabara. Alikuwa amelala kifudifudi, begi bado mgongoni, mikanda yote imefungwa. Chuchu ya mpira alikuwa ameitafuna hadi imekatika. Mmoja wao alipolivua begi alisema, "Mbona zito?" Wakafungua mfuniko. Maji.

Nimekwenda kwao. Mkewe alichukua mfuko wa namna ileile, akaujaza, akaubana ndani ya begi, akaanza kuvuta mbele yangu. Maji yakaja, yakaja, halafu yakakata. Alipofungua, sehemu ya chini ilikuwa imegandana kama viganja viwili vilivyolowa, na juu yake maji yametuama. Aliuweka mezani, akaniangalia, akaingia ndani.

Watu wanauliza kwa nini hakulivua begi akatazama. Na mimi niliuliza. Dada yake alinijibu bila kuinua uso. "Joto likishapanda kichwani, mtu hajui hata kufungua kifungo. Alivuta hakikuja kitu, akaamini yamekwisha. Mfuko hausemi. Na mimi ndiye niliyemwambia akitoe kile kidubwasha. Nilisema tu, kama dada anavyosema."

Nilikaa naye tu.

Wanasema ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo. Ilikuwa ukanda wa plastiki usiozidi urefu wa kiganja, na ulitupwa kwenye ndoo kwa sababu unanuka.

Sasa sikilizeni, na anayeweza kuandika aandike. Mifuko isiyo na ubavu ilikuwa ishirini. Mmoja Viraka alikufa nao. Kumi na miwili imerudi. Saba haijarudi. Begi la kila mfuko ni la kijivu, na kwenye mkanda wa bega la kushoto pana mshono wa uzi mwekundu. Ukiwa nalo, mwaga maji, ulete mfuko hapa studio. Usimpe mwingine. Usiseme wangu haujanisumbua. Wa Viraka nao haukuwahi kumsumbua. Na begi lolote ulilo nalo, la fundi yeyote, beba na chupa unayoiona kwa macho, na mtu nyumbani ajue njia unayopita.

Kwa mama yake, mkewe, dada yake na wote waliomlilia, poleni. Sina neno kubwa kuliko hilo. Poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: vitu tunavyovitegemea, tumevijaribu vikiwa karibu kwisha, au tulivikalia vikiwa vimejaa tukaridhika?

Mfuko mmoja kati ya ile saba anao binti yangu. Ni mpima ardhi. Nilimnunulia mimi, nikamwambia, "Huo umeatamiwa, wewe nenda tu." Yuko porini tangu Jumatatu, na leo simu yake haipatikani. Kama uko kazini na msichana mrefu mwenye kofia ya bluu, na redio hii inakufikia, mvue begi hilo. Usimweleze kwanza. Mvue, halafu mpe chupa yako anywe. Mwambie ni mama yake kasema.