Hotuba ya Mzee Magugu

Kabla ya kusema alizaliwa lini, familia inataka hili lijulikane: Chama cha Watafiti wa Mimea kilichagua mwenyekiti mwingine marehemu akiwa kitandani hospitalini, kikasema amejiuzulu, na kikamnyima hotuba yake ya kuaga. Hakujiuzulu. Sasa tuanze mwanzo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuza mboga. Akitumwa kupalilia bustani, alirudi na magugu mfukoni akitaka kujua yanaitwaje. Mama yake alimjibu kuwa yanaitwa magugu, na arudi kazini. Jina likamganda, wala hakulichukia.

Alihitimu chuo kikuu mwaka 1976, akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo. Hadi anastaafu alikuwa akichunguza gugu linalonyonya mizizi ya mahindi.

Alijiunga na Chama mwaka 1979, akidhaminiwa na wanachama wawili kama katiba inavyotaka. Alianza kwa kupanga viti vya mikutano, akaishia kuwa mhariri wa jarida. Makala ikiingia, aliondoa jina la mwandishi ndipo aipeleke kwa wahakiki wawili, ili mkubwa na mwanafunzi wapimwe sawasawa. Kuna profesa aliyerudishiwa yake, akaja ofisini amefura. Marehemu alimwagizia chai. "Hata mimi walinirudishia mwezi uliopita, ndugu yangu," alimwambia. "Kunywa, tunune pamoja."

Mwaka mmoja kamati iliagiza uwanja wa kituo usafishwe kwa ajili ya mkutano mkuu. Vibarua walifyeka kila kitu, pamoja na kitalu chake cha magugu, ambacho ndicho wageni walikuwa wamekuja kukiona. Kamati haikujua pa kuficha uso. Yeye alipanda jukwaani, akasema, "Nilitaka kuwaonyesha magugu. Leo nitawaonyesha palizi."

Mwaka 1994 alimwoa mshona mapazia, ambaye hakupata kukaa darasani. Kila alichoandika alimsomea jikoni kwanza, akimwita Mhakiki wa Tatu. Mkewe akikunja uso, alijua sentensi imepotea njia, akaivunja na kuianza upya. Nyumba yao ilikuwa na kelele nyingi na ugomvi kidogo.

Mwaka 2020 alichaguliwa mwenyekiti. Katika Chama hiki, mwenyekiti anayemaliza muda hutoa hotuba ya kuaga mbele ya wanachama wote, ndipo kura zipigwe, na hotuba huchapwa katika jarida. Marehemu aliifanyia mazoezi jikoni, ameegemea jokofu kana kwamba ni mimbari. Aliwaandalia wenzake jambo moja: kwamba mtafiti amuulize kwanza mkulima kabla hajauita mmea adui.

Novemba 2022, wiki ya mkutano, figo zikamwangusha. Alimpigia simu katibu wa Chama, mwanafunzi wake wa zamani, akaomba mkutano usogezwe. "Pumzika, mwalimu," katibu alimjibu. "Hakuna kitakachofanyika bila wewe." Mkutano ulifanyika, na katibu akatoka humo akiwa ndiye mwenyekiti mpya.

Mkewe alipochemka, marehemu alimtuliza. "Waache, Mhakiki. Wewe umeshaisikia, na wewe ndiye mgumu kuridhika." Miezi iliyobaki aliiishi vizuri. Alilea miche barazani, akamtania kila muuguzi, akacheza na mjukuu. Ila simu ikilia, alikuwa akiuliza kama ni Chama. Haikuwa Chama. Alifariki usingizini alfajiri ya tarehe 14 Juni 2024.

Ameacha mke, binti ambaye ni mkunga, mwana ambaye ni fundi umeme, mjukuu mmoja, na dada yake mkubwa, anayemwita Magugu hadi leo.

Apate raha ya milele, maana lililobaki si kazi yake tena. Ni kazi ya mwenyekiti wa sasa, aliyekaa hapo mstari wa mbele na shada la Chama. Katika mkutano mkuu ujao, kabla ya kura yoyote, anadaiwa asimame awaambie wanachama kwamba mwalimu wake hakujiuzulu, kisha aisome hotuba ile yote, kwa mdomo wake mwenyewe. Mke wa marehemu anayo nakala. Atamkabidhi leo, tukishafukia.