Kanda ya Profesa wa Upande wa Pili

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka profesa wa sayansi ya siasa, bingwa wa uhusiano wa kimataifa. Alifundisha miaka thelathini na minne. Naam, thelathini na minne, ubao uleule! Wanafunzi walimwita Upande wa Pili, na jina hilo lina kisa.

Alipokuwa mhadhiri kijana, mpaka wetu na jirani ulifungwa. Mazungumzo yalipoanza, tulimwalika studio hii hii. Akaja na tai mpya, akajiamini kupita kiasi. "Mazungumzo yatavunjika," alisema. "Mpaka hautafunguliwa mwaka huu."

Dada yake mdogo ameolewa ng'ambo ya mpaka huo. Mama yao alikuwa mahututi, na dada alikuwa ameshafunga mzigo aende kusubiri mpakani. Akasikia redio, akaufungua. "Msomi ni kaka," anatuambia. "Mimi nani nibishe?"

Ijumaa mpaka ulifunguliwa. Ulifunguliwa siku mbili tu. Kwake hadi mpakani ni mwendo wa siku tatu. Mama akazikwa bila binti yake.

Profesa alilia. Kisha akapekua makaratasi yake atafute alipojikwaa. Hotuba za mawaziri wetu alizisoma zote. Za upande wa pili hakusoma hata moja.

Basi akatuomba nakala ya kanda ile. Kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, aliwasikilizisha wanafunzi wapya. Wakacheka: "Mjuaji gani huyu?"

"Ni mimi," alijibu. "Na mama yangu alizikwa wiki ileile."

Hapo ndipo alipotoa sheria yake: hutetei nchi yako mpaka kwanza ueleze hoja ya mwenzako, naye akiri, "Ndivyo hasa."

Mkewe anacheka huku akifuta machozi. "Hata nyumbani! Tukikosana, ananieleza hoja yangu vizuri kunishinda. Sasa mtu kama huyo utagombana naye vipi?"

Mwezi uliopita mpaka ulikuwa umefungwa tena, na profesa alikuwa amelazwa hospitalini. Aliyeongoza ujumbe wetu kwenye mazungumzo ni mwanafunzi wake wa zamani. Alifungua kikao kwa kueleza hofu za jirani, moja baada ya nyingine. Mkuu wa ujumbe wa upande wa pili aliweka kalamu chini. Kisha akasema, "Ndivyo hasa."

Mpaka ulifunguliwa Jumatano. Wa kwanza kuvuka alikuwa dada yake profesa, aliyekuwa amekaa kwenye kizuizi cha mpakani na mkoba wake siku sita. Alifika wodini kaka yake angali anaongea. Walikaa pamoja siku tatu, mkono kwa mkono, mpaka alipofariki Jumamosi.

Pole sana, mama wa nyumba ile. Poleni wanafunzi. Pole, dada. Nasi tuliobaki tujiulize: yule tunayebishana naye, tumewahi kumsikiliza hadi mwisho?

Tulimwuliza dada ni nani aliyemwambia mpaka utafunguliwa.

"Hakuna," alisema. "Nilimpigia kaka nikamwuliza, 'Utafunguliwa?' Akanijibu, 'Sijui, mdogo wangu. Wewe njoo.'"