Kengele ya Afande

Teksi yetu, basi dogo la abiria, ilipotoka Jinja, Mama Jaliah alianza kumweleza jirani yake wa kiti, bila kuulizwa, kwamba anahamisha duka. Anauza nguo kando ya reli kule Mbale, naye ameambiwa apishe treni. "Wacha ije," alisema akicheka. "Abiria pia wanavaa nguo."

Jirani alikuwa askari magereza, sare imepigwa pasi utadhani inakwenda gwaride peke yake. "Treni haiji, nyabo. Chuma yote watu walishaiba. Reli imekuwa vitanda, imekuwa milango ya mabanda ya nguruwe. Raia hana adabu na mali ya serikali."

Sisi raia tulitazama mashamba ya miwa. Mama Jaliah hakuyatazama.

"Afande, wafungwa wenu mnawaamsha na nini?"

"Kengele."

"Kama ya kanisa?"

Afande alirekebisha kofia iliyokuwa imekaa vizuri. "Kipande cha chuma tu, kinaning'inia kwenye mti. Nilikikuta hapo."

"Kipande cha nini?"

"Cha reli," alisema polepole.

Teksi nzima ilicheka, dereva akiwemo. Afande naye alicheka, lakini akashikilia kwamba hiyo ni mali ya serikali inayofanya kazi ya serikali.

Walikuwa bado wanabishana teksi iliposimama penye lango la gereza. Afande akashuka. Huko ndani chuma kikagongwa mara tatu, mlio mtamu ukafika mpaka barabarani.

"Kimbia, afande!" Mama Jaliah aliita dirishani. "Treni imefika!"