Mistari Shingoni

Mahfudha mwanangu, zima hiyo televisheni; nawe Jawad mjukuu wangu, weka simu chini, na leo ukinijibu kwa Kizungu tutakosana. Mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha.

Nyumba hii ya Alexandria, hapa Marekani, ni ya Mahfudha, sina neno. Shauri langu ni ile picha ya ukutani, katuni ya kupinga utumwa iliyochapwa kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, niliyoinunua Annandale zamani zile naegesha magari ya wageni hotelini: watumwa kumi na mmoja kwenye mnyororo mbele ya jengo la Bunge, na nyuma yao tajiri anayewauza, kapanda farasi, mjeledi mkononi, anacheka. Babu yangu kule Pangani alirithi watu, kama vile nyinyi mtakavyorithi viti hivi, na niliitundika ili nione haya kila siku.

Bibi yako Ummu, Mungu amrehemu, akasema malaika hawaingii penye sura za watu. Nikafanya tulivyofundishwa utotoni: nikapitisha mstari wa penseli kwenye kila shingo, ihesabike sura isiyo na uhai, mmoja baada ya mmoja hadi wa mwisho, mtoto mdogo. Yule tajiri kola imemfika kidevuni, shingo haionekani, nikampita. Wallahi nikampita! Nikawaua waliofungwa, nikamwacha hai mwenye mjeledi.

Tangu hapo anatembea. Ramadhani iliyopita nilimkuta keshashuka farasini. Juzi, baada ya alasiri, kaweka mkono begani mwa mtoto, na yule mtoto, aliyekuwa akinitazama usoni miaka yote, kainamisha kichwa. Usinicheke, Jawad. Naogopa, tena naogopa sana.

Sasa umepata mnunuzi, mkusanyaji wa michoro ya kale, anakuja Jumamosi. Muuzie, lakini asitoke nayo kabla hamjafuta mistari kwenye shingo zote, maana akienda nayo hivi, nani atajua kuwafungulia? Jawad, wewe una mkono mwepesi. Toa kioo cha picha, shika ile raba laini, anza na mtoto, taratibu, karatasi imechoka kama mimi. Msigombane baada yangu. Mungu awape macho ya... ya kumwona mnayemuumiza... Radhi yangu mnayo, nyote wawili.

Futa, baba. Hapo hapo. Futa.

Mmesikia? Mtu kavuta pumzi. Si mimi.