Oui ya Hilaire

Mu Kikula, mutaa moja ya Likasi, kwa kona ya njia yenye kushuka ku soko, kulikuwa magazini moja yenye ilifungwaka tangu vita ya Kolwezi, na mwenyewe hakurudi tena. Chini ya baraza yake minye Mathieu nilikuwa nashona bilatu ya bantu. Pembeni yangu kulikuwa banc yetu, mbao nzito yenye ilitokaka chini ya reli, tuliipandisha juu ya matofali. Mama Émérence alikuwa anauzisha kahawa pale, na mikate ya mafuta siku yenye alipata unga. Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa. Kazi ilikuwa imekauka mu Likasi yote, na asubui wanaume wenye walikuwaka na kazi balikuwa banakuya kukaa pale, bamevaa muzuri kama bantu yenye itaitwa sasa hivi.

Bale ya kila siku balikuwa batatu. Michel tulimuita Moteur, ju alikuwa shofere, sasa shofere bila gari. Adolphe alikuwaka karani, tulimuita Conjoncture. Hii neno njo ilikuwa mu kinywa ya kila muntu ile wakati, maana yake hali mbaya ya makuta, ile feza yetu, na ya kazi, lakini Adolphe alikuwa anaitia mpaka mu mambo ya mvua. Na kulikuwa Hilaire. Yeye tulimuita Chaux, ju alivunjaka majiwe ya chokaa miaka mingi ku kariere ya Kakontwe, mpaka patron mwenye alikuwa anapeleka bantu kule akafunga. Hilaire alikuwa muntu wa kunyamaza, mwenye mikono munene. Alikuwa anashika kikombe kama vile anashika yayi.

Ile siku ya kwanza ya juma Moteur alifika anakimbia.

— Kazi inarudi! Jana nilisimama ku reli. Wagon zilikuwa zinapita zimejaa.

— Zimejaa nini? Conjoncture akauliza.

— Siyui, zilikuwa zimefunikwa. Lakini zilikuwa zinalia kama kintu yenye iko na muzigo.

— Wagon bila mafuta ku magurudumu inalia pia. Acha wagon. Mweye angalieni taa. Ku nyumba yangu taa inawaka kwa nguvu, kisha inapunguka, kisha inawaka tena. Maana yake kule Mwadingusha, kwenye banatengenezaka umeme, banafungua mayi mingi. Mayi mingi, courant mingi. Courant mingi, mashini inazunguka. Ni hesabu tu.

— Ni ampoule yako inazeeka, Mama Émérence akasema, hakumuangalia hata.

Moteur hakushindwa.

— Bon. Na Buluo? Shemeki yangu anakaa karibu na gereza. Anasema siku hizi bafungwa banapunguka. Ju ya nini? Muizi akipata kazi, ataiba saa gani?

— Ataiba ku kazi, Mama Émérence akasema.

Tulicheka. Kisha tukamugeukia Hilaire, ju kila muntu alikuwa sherti kutoa alama yake.

— Mi mikono inaniwasha, akasema. Mbele ya kila mara yenye banaandikaka bantu, mikono yangu inawashaka.

— Juma yenye ilipita pia ilikuwa inakuwasha, Conjoncture akasema.

— Iko inaanza polepole.

Alikuwa anasema vile bila kucheka, na hakuna mwenye alimuchekelea sana. Tulikuwa tunayua kama mara mingine alikuwa anatembea kwa miguu mpaka Kakontwe, anasimama mbele ya mulango yenye kufungwa, kisha anarudi.

Conjoncture alikuwa anaanza kutueleza namna Wazungu banapimaka shaba kule Ulaya, na namna shaba ikipanda kule hata kuku ya huku inaongeza mayayi, wakati tuliona bibi ya Hilaire anapanda njia.

Angèle hakukuyaka ku banc yetu hata siku moja. Bibi ya bantu balikuwa banapita, banasalimia, banaenda. Yeye alivaa kikwembe ya misa, na haikuwa siku ya Mungu. Hilaire akasimama, kahawa ikamwangika ku bilatu.

— Mutoto eko mugonjwa?

— Batoto beko muzuri. Yambo yenu, ba baba.

— Yambo, mama.

— Baba François, nimepata kazi.

François ni mutoto yabo mukubwa, njo vile alikuwa anamuitaka bwana yake mbele ya bantu.

— Nani amepata kazi? Hilaire akauliza.

— Minye.

Mama Émérence aliweka birika chini.

Angèle akaeleza, anasimama vile, mikono mbele. Kulikuwa patron mupya, atawasha tena tanuru za chokaa. Alikuwa anatengeneza kantini ya kulisha bantu, na alitafuta bapishi. Hélène, mwenye banaimbaka naye ku kanisa, njo alimupasha habari. Banamupa unga na chungu munene, banamuambia apike bukari, bakubwa banaionja. Banamutaka.

— Lakini niko mwanamuke ya ndoa, akasema. Banasema sheria inataka bwana yangu akuye yeye mwenyewe, aitike, aseme oui. Kesho asubui. Usipokuya, bataita mwengine.

Hilaire alikuwa anaangalia chini.

— Ulienda bila kuniambia.

— Ningekuambia nini? Weye ulikuwa unarudi kila siku mikono mitupu. Nilisema, kama minye pia nitarudi vile, heri usiyue. Sikutaka tushindwe babili.

Hapo ingefaa tunyamaze. Lakini banc haikuwaka na mazoea ya kunyamaza.

— Chaux, angalisho, Moteur akasema. Kule kuko wanaume mingi. Watasema bibi ya Hilaire analisha ba bwana ya bantu.

— Na iko kitu mubaya kupita ile, Conjoncture akasema, na akainua kidole kama zamani ku biro yake. Leo anaingia kantini. Kisha anaingia biro. Kisha banamuweka shefu. Siku weye utaitwa ku kazi, ni yeye njo atakuambia simama mu mustari. Na mambo ikifika pale, ndugu yangu, sioni nini itakataza wanaume kuanza kuzaa.

— Minye natumika hapa tangu mumevaa kaputula, Mama Émérence akasema. Bwana yangu alizaa?

— Weye, mama, haiko kazi. Weye unauzisha.

— Na kahawa yenye iko mu tumbo yako, ilijipika?

Conjoncture akakunywa yenye ilibaki. Moteur yeye akaendelea: eti labda ni mutego, eti banaandika babibi mbele ili bayue wanaume gani beko na njaa, bawalipe kidogo. Alikuwa anaona patron yule mu kichwa yake, anamuona mpaka ku kofia.

Angèle alimuacha amalize. Alikuwa mwanamuke mwenye heshima, hakukataka muntu neno.

— Ba baba, akasema kisha, naomba munisaidie kitu moja. Munaangalia wagon. Munaangalia taa, na bafungwa ya Buluo. Munasema kila siku kazi itakuya. Sasa kazi imekuya, imeingia mu nyumba yangu. Mulikuwa munangoja nini?

Moteur akakwaruza shingo. Conjoncture akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimuyue, ile neno yake haikutoka. Minye nilikuwa na sindano mu mukono na nikaanza kuangalia ile sindano.

Angèle akamugeukia bwana yake.

— Utakuya?

Hilaire hakusema oui, hakusema non. Angèle akangoja kidogo, akatuaga, akashuka njia. Hakukimbia.

— Kahawa imeisha, Mama Émérence akasema.

Birika ilikuwa nusu, nilisikia mayi inacheza ndani wakati aliinyanyua. Lakini bale bengine baliitika, bakaenda.

Hilaire akabaki. Akakaa kwa mwisho ya banc, karibu na minye. Kisha:

— Mathieu, wakati patron alifunga, nilimuahidi Angèle. Nilimuambia: usilie, kazi ikirudi mu Likasi, itarudi kwanza ku nyumba yetu, mbele ya bantu bote.

— Na imerudi kwanza ku nyumba yenu, nikamuambia.

Akaniangalia kwa hasira. Nilifikiri atanipiga. Akasimama, akaenda, hakunisalimia.

Usingizi haukuniyia muzuri ile usiku, na asubui nilifika mapema kupita siku zote. Nilimukuta Hilaire anakaa chini ya baraza, amevaa shimizi nyeupe yenye kupigwa pasi. Alikuwa anashika kilatu moja mu mukono. Mbele ilikuwa imepasuka, inafungua kinywa.

— Shona, akasema.

Nikashona. Sikumuuliza anaenda wapi. Akavaa, akapiga muguu chini kuipima, akaenda upande wa nyumba yake, si upande wa tanuru, ju alikuwa anaenda kwanza kumutwaa bibi yake.

Mambo yenye ilipita ku biro ya tanuru, ni Angèle njo alinielezaka, na Angèle haongezaka kintu mu habari.

Anasema balitembea pembeni kwa pembeni. Hilaire alikuwa amepanga maneno mu kichwa, Angèle alikuwa anaona midomo yake inatikisika: labda masharti, labda saa ya kurudi, labda namna bantu sherti bamuheshimu bibi yake. Kwa kiwanja ya tanuru balikuta wanaume banashusha sufuria mupya kutoka mu lori. Zilikuwa munene, mutoto anaweza kuoga ndani. Moja, mbili, zingine bado juu ya lori. Hilaire akasimama. Akamuuliza mumoja mwenye alikuwa anashusha:

— Ndugu, hizi zote ni za kupikia nani?

— Bantu ya tanuru na ya kariere.

— Beko wapi?

— Bado kuandikwa. Mbele bapike, kisha bawaite. Tumbo tupu haivunje jiwe, citoyen.

Angèle anasema Hilaire alizunguka ile sufuria moja, akaigonga na kidole, akasikiliza vile inalia. Kisha akaingia ku biro.

Karani hakuinua kichwa. Akamuita citoyen, maana yake mwananchi, na jina ya bankambo yake, ju jina ya ubatizo ilikuwa imekatazwa mu mambo ya serikali.

— Citoyen, unaitika bibi yako atumike hapa?

Na Hilaire, mwenye alipanga maneno njia yote, akasema:

— Minye sikukuya kumupa ruhusa. Nimekuya kumusindikiza.

— Citoyen, minye nataka oui tu.

— Bon. Oui, akasema. Kwa nguvu, Angèle anasema, mpaka bantu ya inje baligeuka.

Ile siku njo ilikuwa ya kwanza Hilaire alibaki na batoto muchana yote. Ku banc hatukumuona. Majirani balimuona ku robine, anasimama na ndoo katikati ya babibi, na babibi balicheka, kisha bakamupisha mbele ju alikuwa anaingoja kama muntu mwenye anangoja hukumu. Mangaribi Angèle alirudi, mugongo inamuuma, nguo inanuka moshi ya chakula ya bantu. Akakuta bukari juu ya meza. Ilikuwa na mabonge, na sombe, majani ya muhogo, ilikuwa na chumvi ya kutosha bantu ya njia nzima. Mutoto mudogo alikuwa amekatala kula, analia.

Angèle akanawa, akakaa, akakula. Hakusema iko muzuri, hakusema iko mubaya. Akamaliza, akasukuma sahani mbele:

— Niongeze.

Hilaire njo aliniambiaka hii, na wakati alikuwa anaiambia aligeuza uso upande ya njia.

Ku banc bantu balianza kupunguka. Moteur alipata lori ya kupeleka mifuko ya unga. Conjoncture alibaki kwanza, anatueleza kama yote hii ilikuwa mu hesabu yake tangu mwanzo. Kisha naye bakamuita kuandika majina ya bantu mupya kule tanuru, na akakuya kuniaga na kravati, yenye serikali ilikatazaka, ameificha mu mufuko, ya kuishika tu. Mama Émérence alihamisha birika yake karibu na mulango ya tanuru, kwenye bantu yenye makuta ilikuwa inapita.

Hilaire yeye alingoja mpaka mvua ilipoanza. Kisha bakaita bantu ya kuvunja majiwe, na mikono yake ikarudi ku majiwe.

Siku ya Mungu moja alikuya kunisalimia kisha misa. Chokaa ilikuwa imemurudia mu makucha na mu nyusi, kama muntu mwenye amezeeka kwa siku moja tu. Nilimuuliza habari ya kazi.

— Kazi ni kazi. Lakini saa sita, Mathieu! Saa sita tunasimama mu mustari na sahani, bantu mingi, na mbele kabisa ni Angèle na kijiko kubwa. Anaita: suivant! Njo kusema, mwenye kufuata akuye. Bantu banaogopa kumusemesha. Hata minye ananiita vile vile, suivant, kama haniyue.

— Na anakuongeza samaki kidogo?

Akacheka, akapiga goti yake.

— Kuongeza? Ananipatia kidogo kupita bote! Ili bantu basiseme. Nimeangalia sahani ya bengine kila siku, Mathieu, nakuambia ukweli: samaki yangu njo inakuwa kadogo mu ile kantini yote.

Alikuwa anasema vile kwa sauti, na bantu yenye ilikuwa inatoka ku kanisa ilikuwa inasikia, na yeye alitaka basikie.