Waya wa Mwisho Utoke Kwanza

Sogeeni wanangu, na wewe kifungua mimba wangu acha kujificha nyuma ya mlango, maana ninayemtaka akae mbele ni wewe, na pumzi iliyobaki siimalizi kwa kumwita mtu mzima mara mbili.

Huyu mjukuu wangu, binti wa marehemu dada yenu, anasomea chuo kikuu mambo ya kuhifadhi bayoanuwai. Mlimcheka, mkasema anasomea mijusi. Likizo hii alirudi na gunia la mitego ya waya aliyoitegua msituni, akaimwaga jikoni na kuanza kuchora mafundo daftarini, kwa kuwa kila mtegaji ana fundo lake kama alivyo na mwandiko wake. Wewe ukaliona lako. Ukamburuta mpwa wako hadi kizingitini, ukamlaza mkono, ukaupiga kwa mchi wangu mpaka vidole vitatu vikapondeka, kisha daftari ukalitia motoni. Nilikung'oa jino kwa sufuria, na ninachojutia ni kwamba lilitoka moja tu.

Mjinga wewe! Fundo lile ni langu. Nani alikufundisha kulizungusha mara mbili na kurudisha ncha ndani? Nimewalisha nyote kwa mitego ile, wala sikuona haya. Lakini sikilizeni nililolimeza miaka thelathini. Yule nyati aliyempasua baba yenu tumbo hakuwa na wazimu. Askari walipomwangusha kwa risasi, mimi nikiwa nimepiga magoti nayarudisha matumbo ya mume wangu kwa shuka, niliuona mguu wa mnyama: waya umezama hadi mfupani, nyama imeoza, na fundo ni la mkono huu. Nikanyamaza, nikalia kama wajane wengine.

Basi nyumba hii na shamba linalopakana na msitu ni vya huyu binti. Arudi chuoni, aandike upya, hata kwa mkono wa kushoto, na penye fundo lile aweke jina langu lote. Wewe, mchi nakuachia.

Nipeni maji... Inatosha.

Nikifa msinizike. Nendeni msituni, wewe mbele, mpwa wako nyuma akikagua, mtegue kila waya mlioutega. Wa mwisho ukitoka, ndipo mchimbe kaburi.

Unasemaje? "Mama, mingine nimesahau nilipoitega"? Utakumbuka. Nitakuwa nanuka.

Mungu awalindie miguu yenu, nyote... hata wewe. Koleo la kukatia waya liko... nyuma ya mlango. Pale pale ulipojificha.