Mama Scola Bado Anaangalia

Pale njia panda ya Kibaoni, Ifakara, ubavuni mwa banda la fundi pikipiki, kuna benchi la mninga lililokatika mguu mmoja, likaegemezwa kwenye tairi bovu la trekta. Kuanzia saa tano asubuhi, jua linapoanza kuuma, mpaka saa tisa alasiri, benchi hilo halikosi watu, na birika la Kelestini muuza kahawa halikosi moto. Siku hiyo ilikuwa mwishoni mwa Mei, mpunga umeinamisha vichwa bonde zima, na Teofili alifika akiwa wa mwisho. Kijiweni walimwita Taruma, kwa sababu alitumia miaka ishirini na sita ya ujana wake kubadilisha mataruma ya reli kati ya Ifakara na Mlimba. Sasa alikuwa mstaafu, na sauti yake ilikuwa imekauka kama ya mgonjwa. Tangu alfajiri alikuwa juu ya dungu, jukwaa la miti shambani kwake, akiwafokea ndege wasiumalize mpunga. Ndege hupumzika jua likiwa la utosi, na Teofili naye ndipo alipopata nafasi ya kukaa.

Alikaa, akapokea kikombe chake, akakishika tu.

Watu wote wa kijiwe walijua kilichokuwa kinamkausha, ila hawakujua undani wake. Siku kumi na tisa zilikuwa zimepita tangu arudi safari. Alikwenda na mkewe Balbina, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Scola. Binti yao Scolastica, anayefanya kazi ya kufua kwenye hoteli huko Unguja, ndiye aliyewalipia: siku mbili Dodoma waone makao makuu, siku tano Unguja waone kisiwa. Walikwenda wawili, akarudi mmoja. Wiki ya kwanza Teofili alisema mkewe ana mafua. Wiki ya pili akasema anamsaidia binti kazi. Wiki ya tatu hakusema kitu, na ndipo watu walipoanza kuulizana.

Vitus fundi pikipiki, kijana wanayemwita Spana, ndiye aliyeanza, mikono yake ikiwa bado ndani ya tairi.

— Mzee Taruma, leo funguka. Sisi siyo watu baki.

— Nifunguke nini.

— Bi mkubwa yuko wapi?

Teofili aliangalia kahawa yake. Alikuwa amechoka kwa mpunga, na amechoka zaidi kwa kutunga maneno. Akaona bora ayatue.

— Amekataa kurudi, alisema.

Kelestini alisimamisha birika hewani. Ildefonce, aliyekuwa mtendaji wa kijiji kwa miaka mingi na ambaye kijiwe kilimpa jina la Katiba, alivua miwani yake akaipangusa kwa shati.

— Mligombana? aliuliza.

— Hatukugombana.

— Basi anza mwanzo, Taruma. Jambo kama hili halielezwi kutokea mkiani.

Teofili akaanza. Basi mpaka Morogoro, halafu treni ya umeme. Balbina alikaa dirishani, hakusema neno mpaka Dodoma. Kesho yake wakapelekwa bungeni na kikundi cha watalii wa ndani, wakakaa juu kwenye viti vya wageni. Kikundi chao kikatajwa, wakaambiwa wasimame, na ukumbi mzima ukapiga meza kuwakaribisha.

— Tukakaa wote, alisema Teofili. Yeye akabaki amesimama. Nikamvuta kitenge. Usiku ule ananiambia, baba Scola, leo ndiyo mara ya kwanza watu kunishangilia na sijawapikia chochote.

— Eh, alisema Kelestini polepole.

— Mimi nilicheka. Nilidhani ni utani.

Unguja mambo yalizidi. Scolastica aliwatembeza Mji Mkongwe, akawaonyesha milango, akawapeleka shamba la karafuu na mdalasini. Teofili miguu ilimuwaka moto, kila kona aliuliza kama wamekaribia kumaliza. Balbina hakuuliza. Siku ya nne wakavuka kwa boti ya injini kwenda kisiwa cha kobe. Kuna kobe pale ambao umri wao unazidi karne. Teofili aliwatazama dakika tano, akaona ametosheka. Balbina alichuchumaa mbele ya mmoja, akamkuna shingo, na yule kobe akaitoa shingo yote nje, akafumba macho.

— Alikaa pale mpaka mwenye boti akaja kumfuata. Mwenye boti anasema mama tunaondoka, yeye anasema nendeni tu. Tukamnyanyua kwapani.

— Hapo hapo, alisema Vitus, akiacha tairi. Hapo ndipo alipochukuliwa. Wale kobe siyo kobe, mzee. Ukimshika shingo anakupa mwendo wake. Utaona, bi mkubwa atarudi, lakini atafika mwaka keshokutwa.

Katiba alitikisa kichwa.

— Acha porojo, Spana. Hili ni suala la utaratibu. Kule wana serikali yao na vitambulisho vyao. Yawezekana mama aliandikishwa mahali bila kujua, akajikuta ni mkazi. Mkazi haondoki hivi hivi, lazima barua itoke kwa sheha. Nikiandika mimi kwa kufuata ngazi, atapatikana.

— Barua ya nini, aliuliza Teofili. Hakufungwa na mtu.

— Ndiyo maana nasema hakujua.

— Nyie wawili hamjaipanda ile treni, alisema Kelestini, akiongeza maji kwenye birika. Mimi sijaipanda pia, lakini nimeiona Morogoro. Inakwenda mno. Sisi watu wa bonde tumezoea treni inayolala Mlimba ikisubiri kichwa kingine. Mwili wa mama ulifika Dodoma mapema, roho ikabaki nyuma Kilosa inatembea kwa miguu. Sasa yuko Unguja anaingojea imfikie. Ikifika, atarudi.

— Kwenye maji itavukaje? aliuliza Vitus.

— Hilo ndilo linaloichelewesha.

Siku nyingine Teofili angecheka. Alisugua macho, vumbi la mpunga likazidi kumchoma.

— Malizia, Taruma, alisema Katiba kwa sauti ya chini. Ikawaje mwishoni?

Ikawa hivi. Siku ya kuondoka, bandarini, watu wamejaa foleni na mizigo yao. Balbina alikuwa amebeba mfuko mmoja tu. Akampa Teofili, akamwambia chakula chako kiko humo, shati la kubadilisha liko chini. Wewe tangulia.

— Nikamwambia nitangulie wapi. Akasema nyumbani. Nikasema na wewe? Akasema, mimi bado naangalia.

— Bado anaangalia nini? aliuliza Vitus.

— Ndivyo nilivyomuuliza. Akasema sijui, baba Scola, ndiyo kwanza nimeanza.

Teofili alipanda boti akiamini atakuja. Aliweka mfuko kwenye kiti cha pembeni, akamwambia kila aliyetaka kukaa kwamba kina mwenyewe. Boti ilipong'oa nanga alisogea dirishani. Akamwona Balbina amesimama na binti yao, lakini hakuwa anaiangalia boti. Alikuwa amegeukia upande mwingine kabisa, ameweka mkono juu ya macho kuzuia jua, anatazama kitu ambacho Teofili hakukiona.

Hayo ya mwisho hakuyasema kijiweni. Alisema tu:

— Kiti kilikuja kitupu mpaka Dar.

Vitus akasema labda mama ameingia kwenye biashara ya mwani. Katiba akasema labda ni hewa ya chumvi, inajulikana kulegeza kumbukumbu za watu wa bara. Lakini walisema bila nguvu, kama watu wanaoendelea kuchimba shimo ambalo limeshajaa maji.

Wakati huo alikuwa amefika dada mmoja akisukuma pikipiki yenye tairi la nyuma lililolala. Alivaa buti za mvua na kofia ya jua. Aliwaamkia shikamooni, wazee wakaitikia, akajitambulisha kuwa anaitwa Agnella, bibi shamba mpya, amepangiwa Masagati na hata kuipata barabara yake bado ni kazi. Vitus akaanza kufungua tairi. Agnella akabaki amesimama, maana benchi lilikuwa limejaa, na yote yaliyosemwa kuanzia bandarini aliyasikia.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Mimi mgeni, nauliza tu. Huyo mama alipokuwa hapa, akichoka alikuwa anapumzikia wapi?

Katiba alifungua mdomo upesi, kama kawaida yake.

— Kanisani. Yeye ni wa WAWATA, kina mama Wakatoliki, hakosi.

Halafu akakumbuka kwamba Mama Scola huwahi kanisani kufagia, na hubaki nyuma kuosha vyombo vya wageni.

— Shambani kuna dungu, alisema Kelestini. Lina kivuli.

Teofili alimtazama. Siku kumi na tisa alikuwa juu ya dungu lile, na sasa alijua kuna nini kule. Miaka yote ya reli, na miaka yote ya kustaafu, aliyekuwa anapiga kelele kule juu ni Balbina, na yeye hakuwahi hata mara moja kuuliza kwa nini mkewe anarudi jioni hana sauti.

— Nyumbani je? aliuliza Agnella.

Katiba alivua tena miwani akaipangusa, na Teofili akainamia kikombe chake. Agnella akaona aibu, akainama kumshikia Vitus taa ya pikipiki ambayo haikuhitaji kushikwa.

Kelestini aliinamisha birika juu ya kikombe cha Katiba. Yakatoka matone mawili na mashapo.

— Imekwisha, alisema.

Teofili aliamka, akamwachia Agnella nafasi yake, akaaga. Jua lilikuwa limeanza kupungua makali, na ndege wangerudi muda si mrefu. Alipofika kwenye tuta la shamba lake alitoa simu. Siku zote hizo alikuwa akipiga kuuliza swali moja, unarudi lini, na kila mara Balbina alijibu sijui, wakaagana.

— Haloo, baba Scola.

— Haloo. Leo umeangalia nini?

Alimsikia anavuta pumzi, na nyuma yake sauti za watoto. Kisha Balbina akaanza kueleza. Kulikuwa na kinamama wanavuna mwani maji yakipwa. Kulikuwa na paka amelala kwenye mizani dukani, na muuzaji anamwacha. Alieleza taratibu, kama mtu ambaye hajawahi kusikilizwa mpaka mwisho na hana hakika kama ataruhusiwa.

Kundi la kwanza la ndege likapita juu ya Teofili, likazunguka, likatua katikati ya mpunga. Teofili aliliona. Hakupiga kelele, asije akamkatiza.